Nyumba Iliyomlea Alexander Mackay

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Kum. 6:4–9; 2 Tim. 1:3–7, Kut. 31:1–6, Luka 6:27–36, Marko 10:28–30, Ebr. 13:1–3, Luka 17:11–19.

Fungu la kukariri: 1 Wathesalonike 5:18.

Mwaka unapokaribia kwisha, familia nyingi za kando ya Ziwa Victoria huanza kuhesabu. Zinahesabu ada ya shule ya Januari, magunia ya mpunga yaliyobaki ndani, madeni ya mbegu na ya nyavu. Kanisani bahasha za sadaka ya shukrani zimekwisha kugawiwa, na kila nyumba inajiuliza itaweka nini. Haya ni majuma mazuri ya kuuliza swali jingine pia: ni akina nani walioifikisha nyumba hii hapa ilipo, na je, wameambiwa ahsante?

Somo la juma hili linafuata maisha ya Alexander Mackay, fundi na mmishonari kutoka Scotland. Alifika Kageye, katika wilaya ya Magu ya leo, mwaka 1878. Alikufa Usambiro, kusini mwa ziwa, mwaka 1890, akiwa na umri wa miaka 40. Hakuwa Mwadventista, ujumbe wa Waadventista ulifika ufukwe wa ziwa hili, huko Gendia upande wa Kenya, mwaka 1906. Hakuoa wala hakuacha mtoto. Hata hivyo, maisha yake hayaeleweki bila kuijua nyumba alimolelewa, kwa kuwa alichokipokea pale ndicho alichokigawa huku ziwani hadi siku ya mwisho.

JUMAPILI
Darasa la nyumbani

Soma Kumbukumbu la Torati 6:4–9. Ni mahali gani na saa gani ambapo wazazi wanaagizwa kuwafundisha watoto wao?

Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, kaskazini mashariki mwa Scotland. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa dogo la kijijini. Mshahara haukuwa mkubwa, lakini vitabu havikukosekana. Mchungaji huyo alipenda sana jiografia, akaandika vitabu vilivyotumika mashuleni. Kwa miaka mingi hakumpeleka mwanawe shule, alimfundisha mwenyewe.

Darasa lao halikuwa na kuta. Baba na mwana walipotembea kwenda kuwatazama washiriki, wanakijiji waliwaona wakisimama ghafla katikati ya njia. Baba aliinama na kuchora mavumbini kwa fimbo yake. Siku nyingine mchoro ulikuwa wa hesabu. Siku nyingine ulikuwa mkondo wa mto Zambezi, ambao Livingstone alikuwa akiusafiri miaka ile. Hivyo mtoto wa kijiji cha baridi aliijua mito ya Afrika kabla ya kuiona bahari.

Jioni za majira ya baridi zilikuwa za mama. Kazi zilipokwisha, watoto walikaa karibu na moto, naye akawasimulia habari za watu waliopeleka Injili nchi za mbali. Mwana alisikiliza, kisha akauliza maswali. Mama hakuwa na cheo chochote kanisani zaidi ya kuwa mke wa mchungaji, na alilofanya hakuna aliyeliandika katika kumbukumbu za kanisa wakati ule. Alipika, alifua, alisimulia, aliomba.

Soma 2 Timotheo 1:3–7. Paulo anapomkumbuka Timotheo, anamkumbuka pia bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Imani ya kijana yule ilikuwa na historia, na historia hiyo ilianzia nyumbani.

Katika nyumba nyingi za leo jioni huisha kila mtu akitazama simu yake. Ni kitu gani kinachoweza kurudishwa katika jioni za nyumba yako juma hili, hata kwa dakika kumi tu?

JUMATATU
Mwana aliyependa chuma

Soma Kutoka 31:1–6. Bezaleli alijazwa Roho wa Mungu kwa ajili ya kazi gani?

Wazazi wa Mackay walitamani mwana wao awe mchungaji kama baba yake. Mwana alikuwa na mapenzi mengine. Alikimbilia kwa mhunzi kutazama chuma kikifuliwa. Alitembea maili kadhaa hadi kituo cha reli ili aione garimoshi ikisimama kwa muda mfupi, halafu akarudi nyumbani kwa miguu, ameridhika.

Mwaka 1864 alipelekwa shule mjini Aberdeen. Mwaka uliofuata mama yake alifariki. Alimwachia mwanawe Biblia yake, yenye alama kwenye mafungu aliyotaka ayatafute na kuyatafakari. Kijana wa miaka kama 15 alibaki na kitabu hicho mkononi na sauti iliyonyamaza. Kila aliyempoteza mama mapema anajua uzito wa kitu kidogo kama hicho: kanga, kikombe, Biblia yenye mistari ya kalamu.

Familia ilihamia Edinburgh mwaka 1867. Hapo Mackay alisomea ualimu, kisha akasomea uhandisi. Mwaka 1873 alikwenda Berlin kufanya kazi katika kampuni ya kutengeneza mashine. Wengi wa wafanyakazi wenzake walimcheka kwa sababu ya imani yake. Lakini alipata familia iliyompokea: mchungaji mmoja wa mji ule, aliyeitwa Baur, alimkaribisha nyumbani kwake, na pale akapata tena meza, maombi ya pamoja na watu wa kumwuliza habari za siku yake. Kijana aliye mbali na kwao hukumbuka nyumba kama hiyo maisha yake yote.

Ilipofika mwishoni mwa 1875, magazeti ya Uingereza yalichapisha barua ya msafiri Stanley, iliyosema kwamba Kabaka Mutesa wa Buganda alikuwa tayari kuwapokea walimu wa Kikristo. Stanley alishauri waende watu wanaojua kazi za mikono. Chama cha umisheni cha Kanisa la Anglikana, CMS, kilitafuta watu, na Mackay akajitolea. Ufundi ambao wazazi walidhani utamwondoa katika huduma ndio uliomfungulia mlango.

Wazazi wengi hulia wanapoona mtoto hakufuata njia waliyoipanga. Je, kuna karama kwa mtoto wako, au kwa kijana wa kanisa lako, ambayo bado hujaishukuru kwa sababu si ile uliyoiomba?

JUMANNE
Kageye na Ukerewe

Soma Luka 6:27–36. Ni jambo gani gumu zaidi kwako katika maneno haya ya Yesu?

Mwezi Aprili 1876 watu wanane waliondoka Uingereza. Katika mkutano wa kuagwa, Mackay, aliyekuwa mdogo kuliko wote, aliwaonya wenyeji wao kwamba huenda kabla ya miezi sita kupita wangesikia mmoja wao amekufa, na akawaomba wasikate tamaa bali wampeleke mwingine mara moja. Ilikuwa hivyo. Mmoja alifariki Zanzibar mwezi Agosti mwaka ule ule.

Mackay mwenyewe aliugua homa njiani akarudishwa pwani. Alipopona alipewa kazi ya kufyeka barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa, urefu wa maili 230 hivi, yaani kilometa 370. Alifanya kazi hiyo mwaka 1877 pamoja na vibarua wa pwani na wa bara ambao majina yao hayakuandikwa. Mizigo ya misheni ilibebwa vichwani na wapagazi, hatua kwa hatua, hadi ziwani. Anayesoma maisha ya Mackay kwa shukrani hawezi kuwasahau watu hao.

Alipofika Kageye mwezi Juni 1878, alikuta huzuni. Daktari John Smith alikuwa amezikwa pale mwaka mmoja kabla. Viongozi wengine wawili, Luteni Shergold Smith na O'Neill, walikuwa wameuawa Ukerewe mwezi Desemba 1877, walipojikuta katikati ya ugomvi wa mtawala Lukonge na mfanyabiashara mmoja Mwarabu. Vyombo vya misheni vilikuwa vimetapakaa: vipande vya injini vimeshika kutu, vitabu vimeharibika, na mashua iitwayo Daisy imelala ufukweni, mbao zake zimeoza na kuliwa na wadudu.

Wengi walitegemea kisasi. Mackay alivuka kwenda Ukerewe bila silaha, ingawa watu wa Kageye waliogopa kwamba hatarudi. Alikaa na Lukonge, akasikia habari upande wake, akafanya naye amani, akarudi salama. Hakuna aliyefufuka kwa safari ile, na maumivu hayakufutika. Lakini damu nyingine haikumwagika katika maji yale.

Kisha alirudi kwenye kazi ya mikono. Aliokota vipande vya injini kimoja kimoja, akasafisha kutu, akapanga. Mashua aliitengeneza kwa kukata sehemu ya katikati iliyokuwa bado na mbao nzima, akazitumia kuziba matundu ya mbele na nyuma. Mashua ikawa fupi, lakini ikaelea. Wavuvi wa Igombe na Kayenze, ambao hadi leo huziba mitumbwi yao kwa kipande cha mtumbwi mwingine, wangeielewa kazi hiyo bila maelezo.

Moyo wa shukrani huanza kwa kutazama kilichobaki. Baada ya hasara uliyoipata mwaka huu, ni ubao gani ambao bado ni mzima?

JUMATANO
Watoto wa nyumba yake

Soma Marko 10:28–30. Yesu anaahidi nini kwa anayeacha nyumba na ndugu kwa ajili yake, na ni jambo gani zito ambalo ameliweka katikati ya ahadi hiyo?

Mwezi Novemba 1878 Mackay alifika Buganda, baada ya dhoruba kuivunja Daisy njiani na kumlazimu kuitengeneza tena. Alikaa huko karibu miaka tisa. Mbele ya Mutesa alisoma Injili katika Kiswahili, kwa tafsiri ya Askofu Steere wa Zanzibar, kwa sababu Kiswahili kilieleweka katika ikulu. Baadaye alijifunza Kiganda, akachonga herufi, akachapa kurasa za kusomea.

Hakuwa mtu asiye na kasoro. Alikuwa mkali katika mabishano, hasa na mapadre Wakatoliki wa Kifaransa, na ugomvi wao mbele ya mfalme haukuisaidia Injili. Lakini mlango wake ulikuwa wazi. Vijana walikuja kutazama tanuru la uhunzi na cherehe ya kunolea, wakabaki kujifunza kusoma. Nyumba ilijaa. Mtu aliyeacha ndugu zake Scotland alijikuta akifundisha kama alivyofundishwa na baba yake: huku mikono ikifanya kazi, kwa maswali na majibu, katikati ya shughuli za siku.

Mwaka 1882 waumini watano wa kwanza walibatizwa. Mutesa alikufa mwaka 1884, na mwanawe Mwanga akatawala. Mwishoni mwa Januari 1885 Mackay na mwenzake Ashe walikuwa njiani kwenda ziwani walipokamatwa na askari na kurudishwa kwa nguvu. Vijana waliokuwa pamoja na misheni walichukuliwa. Wamishonari waliomba, walibisha hodi katika nyumba za wakuu, walitoa walichokuwa nacho, bila mafanikio. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu, Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, waliuawa kwa kuchomwa moto. Lugalama alikuwa bado mtoto.

Hao hawakuwa wageni kwa Mackay. Walikula katika nyumba ya misheni na kusoma kurasa zilizochapwa pale. Alipata uchungu wa mzazi aliyezika, tena bila kaburi la kulilia. Mwaka 1886 wengine wengi waliuawa, Waanglikana na Wakatoliki pamoja, na Ashe aliondoka. Mackay alibaki peke yake karibu mwaka mzima, akichapa na kufundisha kwa siri usiku, mpaka alipolazimika kuondoka mwezi Julai 1887.

Fungu la kukariri la juma hili linaagiza kushukuru katika kila jambo. Halisemi kwamba kila jambo ni jema. Kuna tofauti gani kati ya kushukuru katika msiba na kuushukuru msiba?

ALHAMISI
Meza ya Usambiro

Soma Waebrania 13:1–3. Kwa nini ukarimu na kuwakumbuka wafungwa vimewekwa pamoja?

Mackay alivuka ziwa kuelekea kusini, akajenga kituo kipya Usambiro. Mji wa Mwanza ulikuwa haujaanzishwa. Alifyatua matofali, akajenga nyumba, karakana na chumba cha kuchapia. Wakristo waliokimbia mateso Buganda walimfuata, na vijana wakakaa naye. Hapo aliendelea kutafsiri Injili ya Yohana katika Kiganda, akaanza na kutayarisha mbao za mashua mpya. Msiba ulimfuata huko pia: mwezi Machi 1888 Askofu Parker, aliyekuwa amefika karibuni, alikufa kwa homa pamoja na mmishonari mwenzake Blackburn.

Tarehe 28 Agosti 1889 msafara mkubwa ulitokea. Alikuwa Stanley, yule yule ambaye barua yake ilikuwa imemtoa Mackay Ulaya, sasa akitoka katikati ya Afrika pamoja na Emin Pasha na watu waliodhoofika kwa njaa na maradhi. Walikaa Usambiro karibu majuma matatu. Walipata chakula, kuta safi, rafu za vitabu na usingizi. Stanley alistaajabu kumkuta mtu aliyeishi miaka 13 katika hatari bila kurudi kwao hata mara moja, lakini bado akiamka asubuhi kwenda karakana kwa utulivu. Alimshauri waondoke pamoja kwenda pwani ili akapumzike. Mackay alikataa, kwa kuwa hapakuwa na wa kumwachia kazi.

Miezi mitano baadaye, mwanzoni mwa Februari 1890, mwenzake Deekes, aliyekuwa mgonjwa, alijiandaa kusafiri kurudi kwao. Asubuhi ile ya safari Mackay alishikwa na homa kali. Deekes alibaki kumwuguza. Tarehe 8 Februari Mackay alifariki. Vijana wa karakana walichukua mbao alizokuwa amezikata kwa ajili ya mashua, wakamtengenezea jeneza. Wakristo wa Buganda na watoto wa kituo walisimama kaburini wakaimba wimbo wa sifa katika Kiganda. Mwaka 1927 mifupa yake ilihamishiwa Namirembe, Kampala.

Waliomwosha, waliochonga jeneza lake na waliomwimbia hawakuzaliwa naye. Alikuwa amewapikia, amewafundisha na kuwauguza. Mezani pako pana nafasi ya nani ambaye si wa damu yako?

IJUMAA
Kwa kujifunza zaidi

Soma tena Luka 17:11–19.

Wakoma kumi waliponywa, na mmoja alirudi. Wale tisa hawakufanya dhambi ya wizi wala ya uongo. Walikuwa na haraka ya kurudi makwao, na pengine walikusudia kushukuru siku nyingine.

Mchungaji mzee wa Rhynie alikuwa bado hai habari ya kifo cha mwanawe ilipofika. Aliishi hadi mwaka 1895. Kwa miaka yote ile baba na mwana walikuwa wameandikiana. Barua ilibebwa na msafara hadi pwani, ikavuka bahari, na jibu lilichukua miezi mingi kurudi. Mwana angeweza kujitetea kwamba kazi ni nyingi, njia ni mbaya, karatasi ni chache. Aliandika. Na kwa sababu nyumbani kwao barua zile zilitunzwa, dada yake aliweza kuandika maisha yake mwaka ule ule wa 1890, na ndiyo sababu dunia inayajua.

Mama yake hakuzipata barua hizo. Alikufa miaka 11 kabla mwanawe hajaiona Afrika. Hakuna jinsi Mackay angeweza kumlipa. Alichofanya ni kuifungua Biblia aliyoachiwa na kuwafundisha watoto wa wengine kusoma Biblia yao. Hivyo ndivyo shukrani inavyofanya inapokosa wa kumrudishia: inamtafuta mwingine wa kumpa.

Lakini wengi wanaosoma somo hili bado wana wa kumrudishia. Mama yuko Sengerema, shangazi yuko Ukerewe, mwalimu wa zamani wa shule ya Sabato anaishi peke yake Bujora na macho yamepungua nuru. Hakuna msafara wa miezi kati yao na mtoto wao. Kuna kivuko, kuna basi, kuna simu. Kabla bahasha ya shukrani haijafungwa mwaka huu, safari hiyo fupi inaweza kufanywa kwanza.

Maswali ya kujadili:

1. Kila mmoja katika kikundi amtaje mtu mmoja aliyemfundisha kusali au kusoma Biblia. Je, mtu huyo anajua kwamba anakumbukwa? Kikundi kinaweza kufanya nini kabla ya Sabato ijayo?

2. Baba wa Mackay alifundisha njiani, mama karibu na moto. Katika familia ambamo baba yuko ziwani usiku na mama yuko sokoni mchana, saa ya kufundisha watoto inaweza kupatikana wapi?

3. Mackay alikwenda Ukerewe kwa amani baada ya wenzake kuuawa. Kuna ugomvi gani katika ukoo au kanisa ambao unazuia shukrani ya kweli mwaka huu? Nani achukue hatua ya kwanza ya kuvuka?

4. Mtu aliyepoteza mtoto mwaka huu amekaa katika kikundi chenu wakati wa ibada ya shukrani. Mtasema nini mbele yake, na ni maneno gani mtayaepuka?

5. Wapagazi waliobeba mizigo ya misheni hawakuandikwa majina. Ni akina nani wanaofanya kazi kama hiyo kanisani kwenu, na ni lini walipewa ahsante mara ya mwisho?